Jina Lililokaa Juu ya Ndege

Nzilani alikuwa hajawahi kumfuata mtu barabarani kwa ajili ya biashara, mpaka siku aliyokuja Ndila na debe la asali.

Ilikuwa mwaka wa themanini na tano. Ukame ulikuwa umetoka tu, na watu walikuwa bado na mashavu ya njaa. Salama wakati huo ilikuwa mstari mmoja wa maduka kando ya barabara ya Mombasa. Mabasi yalisimama abiria wanywe chai, na Nzilani, ambaye wengi walimwita Mama Muthama, alikimbia kutoka dirisha hadi dirisha na sufuria ya mayai ya kuchemsha mkononi. Mayai yalimlisha, lakini faida yake hasa ilitoka kwa wageni waliokuja na kitu cha kuuza bila kujua bei ya hapo.

Ndila alionekana mmoja wao. Msichana wa miaka kama ishirini, miguu imejaa vumbi la Tseikuru, debe kichwani. Nzilani akachovya kidole, akalamba, akakunja uso kama aliyeonja mafuta ya taa.

"Hii imetiwa maji."

"Basi usinunue maji," Ndila akasema. Akainua debe lake, akaenda.

Nzilani akangoja ageuke akifika kwa fundi wa magurudumu. Kila mtu hugeuka pale, huo ndio umbali wa mtu kufikiria mara ya pili. Ndila hakugeuka. Akapita fundi, akapita duka la mbegu, akaanza kuvuka barabara, na Nzilani akajikuta anakimbia nyuma yake, mayai yakigongana kwenye sufuria. Alilipa bei aliyotajiwa, yote. Kuanzia siku hiyo alimhesabu msichana yule kati ya watu wa kuangaliwa kwa macho mawili.

Ndila hakurudi kwao. Alitaka mahali pa kukaa na kuuza, na Salama palikuwa na mahali pamoja tu pa maana, baraza la hoteli ya Muli. Lilikuwa la simiti, lenye kivuli mchana kutwa, na mlango wa basi ulifunguka hapo hapo mbele yake. Abiria alishuka mguu mmoja, akanunua, akapanda. Nzilani alikuwa amelitamani miaka mitatu. Muli hakulikodisha kwa mtu. Alikaa pale mwenyewe, kiti kimeegemezwa ukutani, akijipepea kwa gazeti.

Ndani ya hoteli Muli alikuwa na mashine ya gemu, kubwa kama kabati la nguo, aliyoileta kutoka Mombasa kwa lori. Ukitia shilingi, kioo kilionyesha shamba la mtama na ghala katikati, na makundi ya ndege yakishuka kutoka juu. Wewe ulikuwa mtu mdogo mwenye kombeo. Ndege hawakuwa ndege hasa, vilikuwa vialama vya kijani kwenye giza, na sauti yao ilikuwa kama ya chenene. Mpini ulikuwa mzito ukienda kushoto. Jina la gemu lilikuwa la Kizungu na hakuna aliyelijali. Watu waliita Nyunyi, yaani ndege kwa Kikamba.

Juu ya kioo kulikuwa na jina moja lenye herufi tatu, TOM, na nambari yake elfu ishirini. Muli alisema huyo Tom ni yeye. Kanisani alibatizwa Daudi, na Nzilani alikuwepo siku hiyo, lakini Muli alisema Tom ni jina alilopewa bandarini alipokuwa kuli. Madereva wakazoea kumwita Tomu. Akaajiri mtu akachora ukutani TOMU HOTELI.

Wachezaji wengine nao waliandika majina yao wakipata alama nzuri, lakini kila jioni jenereta ikizimwa, majina hayo yalipotea. Asubuhi Muli aliwasha mashine kabla ya kufungua mlango, na watu wakiingia walikuta TOM peke yake juu. Kuna mtu aliuliza kwa nini.

"Hii ni kama ploti," Muli akamjibu. "Wapangaji wanahama. Jina la mwenyewe linabaki kwa hati."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Mambo ya ploti waliyaelewa, na hakuna aliyeuliza tena.

Siku moja Ndila alipokuja kuomba baraza kwa mara ya nne, Muli alicheka mbele ya wateja, akaonyesha mashine kwa kidole.

"Ukiondoa jina langu pale juu, baraza ni lako. Hawa wote ni mashahidi."

"Umesema," Ndila akasema.

"Nimesema. Hata Mama Muthama amesikia."

Nzilani alikuwa amesikia.

Wiki ya kwanza mashine ilikula shilingi za asali za Ndila moja moja, kama kuku anavyodonoa. Wiki ya pili hakucheza. Alisimama tu nyuma ya wengine, mikono kifuani, akiangalia. Nzilani akamuuliza anatafuta nini.

"Mnaangalia ndege wa mbele," Ndila akamwambia. "Mimi nimelelewa juu ya dungu, nikifukuza hawa kwa mtama wa nyanya yangu tangu nipoteze meno ya maziwa. Kundi haligeuzwi na wa mbele. Yule wa mwisho akiinama tu, ujue wote wanaenda upande huo. Aliyetengeneza hii kitu aliangalia ndege kweli."

Siku aliyorudi kwenye mashine, ilikuwa saa nane mchana na mabasi mawili yamesimama. Nzilani aliegemea ukuta kando yake, sufuria mkononi. Aliona nambari ikipanda. Elfu kumi na mbili, elfu kumi na sita. Abiria waliacha chai. Dereva mmoja alipiga honi kuita watu wake, hawakutoka. Muli aliingia kutoka barazani, akasimama karibu na ukuta wa nyuma, ambako waya wa mashine ulikuwa na swichi yake.

Ndila akapita elfu ishirini. Watu wengi waliliona hilo, wakapiga makofi. Ndege wa mwisho wakamshinda, kioo kikaanza kumuuliza herufi zake tatu. Hapo ndipo kioo kikawa cheusi.

"Dizeli imekwisha," Muli akasema.

Lakini jenereta ilikuwa bado inanguruma nje, na balbu ya hoteli ilikuwa inawaka. Muli akawasha tena. TOM, elfu ishirini.

"Mnaona wenyewe. Kama alinishinda, jina lake liko wapi? Mashine inajua mwenyewe."

"Umeizima," Ndila akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Nani aliona nikizima? Aseme." Muli akazungusha macho, na macho yake yakatua kwa mtu mmoja aliyekuwa amesimama karibu na ile swichi. "Mama Muthama. Uliona nini wewe?"

Nzilani alikuwa ameuona mkono wake. Aliuona vizuri, hata pete. Pia aliona namna Muli alivyomtazama, kisha akatupia jicho barazani, kisha akamtazama tena. Ilikuwa bei, na ilitajwa bila neno.

"Mimi nilikuwa naangalia mayai yangu," akasema.

Abiria wakacheka. Honi ikalia tena, wakakimbilia mabasi yao, na mashahidi nusu wakaenda Nairobi, nusu Mombasa. Ndila alimtazama Nzilani muda mrefu kidogo. Alifunga leso yake kiunoni, akatoka, na hakuonekana Salama miaka kumi na miwili.

Jumatatu iliyofuata Nzilani aliketi kwenye baraza na mayai yake.

Hapo ndipo maisha yake yalipoanza kwenda. Mayai yakawa mayai na machungwa, kisha soda, kisha duka lake mwenyewe upande wa pili, baraza likiwa bado lake. Mashine ya Muli iliharibika mwaka wa themanini na nane, panya wakala nyaya. Jina la Tomu lilibaki. Akazeeka nalo, akawa mtu wa kusema kwenye mikutano, "Tomu hashindwi."

Mwaka wa tisini na saba soko la Salama lilitaka mwenyekiti mpya wa kamati, mtu wa kugawa vibanda vilivyokuwa vikijengwa kando ya barabara. Muli akasimama. Nzilani naye akasimama. Mutie, fundi viatu, akasimamishwa na vijana wawili kwa mzaha na akaona haya kukataa. Kura ingepigwa kwa mlolongo siku ya Ijumaa, kila mtu ajipange nyuma ya anayemtaka.

Jumatatu ya wiki hiyo Ndila akashuka kwenye gari la mizigo na TV ya rangi, boksi dogo, na kaseti mbili za gemu. Alikuwa amenenepa. Alikuwa amekaa Mwingi miaka yote hiyo, kwenye duka la redio na TV la mama mmoja aitwaye Hasina, na sasa alikuwa mshirika wake. Alikwenda moja kwa moja kwa Nzilani.

"Mama Muthama, habari ya mayai?"

"Mazuri," Nzilani akajibu.

"Nyunyi imerudi. Kaka yake Hasina ameileta kutoka Dubai. Wenyewe wameitengeneza upya. Nataka nimshinde Muli mbele ya watu, na wewe unataka ashindwe kabla ya Ijumaa. Nipe chumba cha duka na stima siku moja."

"Na mimi?"

"Kuonekana ameshindwa haikutoshi?"

"Hainitoshi. Stima ni yangu, duka ni langu, na nikikosana na Muli ni mimi nabaki hapa naye. TV na mashine zibaki kwangu ukienda."

Ndila akafikiri. Nzilani alimwona akifikiri na akafurahi, maana safari hii hakukuwa na kukimbizana barabarani.

"Zibaki," Ndila akasema. "Na kaseti tutakayochezea. Kama ilivyo, bila kubadilisha kitu. Lakini nikikuuliza jambo mbele ya watu, utajibu."

"Jambo gani?"

"Unalijua."

Nzilani akapima. Ushahidi wa mkono ule, ukitolewa sasa, ungemmaliza Muli kabisa. Kilichokuwa hasara mwaka wa themanini na tano kilikuwa faida leo. Akampa mkono.

Jumatano alasiri walifunga mlango, wakaijaribu kaseti iliyokuwa imefunguliwa. Ndila alitaka kuona kama mikono inakumbuka. Nzilani aliikagua kama anavyokagua shati la mitumba, ndani na nje. Ndege sasa walikuwa na manyoya, wekundu na wa manjano. Mtama ulitikisika kwa upepo. Chenene wameondolewa, na badala yake kulikuwa na muziki wa kinanda kama wa harusi kanisani. Mtu wa kombeo amepewa kofia na uso wa kucheka.

"Wamempendezesha," Nzilani akasema.

"Wamemlainisha," Ndila akajibu, vidole gumba vikifanya kazi. "Zamani ukikosa mara tatu umetoka, shilingi imekwenda. Hapa wanakupa mara tano, halafu wanakuuliza kama unataka kuendelea. Kuendelea na nini? Na unacheza umekaa. Kitu ile ilikuwa inataka mgongo. Hata kushoto kwenyewe hakuna uzito." Akaangalia kundi likishuka. "Lakini angalia wa mwisho. Angalia. Ameinama, si ndiyo? Hapo hawakugusa. Rangi yote hiyo, na kundi linageuka vilevile. Aliyeitengeneza hakuwa mjinga, hata waliokuja baada yake wameogopa kumgusa."

"Sasa ni bora au si bora?"

"Kwa kuuza, ni bora. Kwa kushindana, ile ya Muli ilikuwa ya watu wazima." Akazima. "Na hii haisahau. Ina kabetri ndani. Jina ukiandika leo, hata uzime mwaka, utalikuta."

Nzilani alisikia mtaji katika maneno hayo na hakusikia kingine. Alikuwa jikoni anapika chai wakati mashine ilipokuwa inawashwa, na Ndila hakumwambia kilichoonekana mwanzo.

Alhamisi ilikuwa siku ya soko. Ndila alimwendea Muli mwenyewe, kwa heshima, mkono wa kushoto ukishika kiwiko cha kulia.

"Mzee Tomu, bingwa ni wewe. Mashine mpya haiwezi kufunguliwa na mtu mwingine. Njoo uifungue, watu wakuone."

Mtu anayetafuta kura hakatai kuonekana. Muli akaja na koti, kofia, na nusu ya soko nyuma yake. Duka likajaa, wengine wakapanda magunia ya mahindi dirishani. Ndila akampa kaseti ya pili. Ilikuwa bado imezibwa kwa plastiki ya kiwandani.

"Ikate wewe, Mzee. Waonyeshe kwanza kwamba haijaguswa."

Muli akaiinua juu, akaizungusha. "Mnaona? Haijaguswa na mtu," akatangaza, kisha akakata plastiki kwa kisu chake cha mfukoni. Akaitia mwenyewe kwenye boksi. Akabonyeza mwenyewe.

Muziki wa harusi ukalia. Shamba likatokea, ndege wakapita, kisha rangi zote zikafifia na jina moja likapanda taratibu mpaka juu ya kioo. TOM. Elfu ishirini.

Nzilani naye alikuwa hajajua. Alisimama na kikombe mkononi, akihesabu nyuma, asubuhi baada ya asubuhi, Muli akiwasha mashine kabla ya kufungua mlango.

Wa kwanza kusema ni Mutie, fundi viatu, kutoka juu ya gunia.

"Tomu, kwani ulienda lini Dubai?"

Kicheko kikaanzia dirishani, kikaingia ndani. Mtu mwingine akasema, "Amecheza ndani ya plastiki." Mwingine, "Kumbe tumekuwa tukiita mtu wetu jina la kiwanda."

"Hii ni ujanja wa huyu mwanamke," Muli akasema.

"Umekata mwenyewe," Ndila akamwambia. "Jina hilo wanaliweka watu wa kiwanda, ili mtu apate wa kumshinda. Liko kwa kila moja wanayotengeneza. Majina yetu yalikuwa yanapotea jioni, la kiwanda lilikuwa linarudi asubuhi. Hukuwahi kufika hata elfu tano, mimi nilikuwa nakuona. Sasa kaa, Mzee. Cheza mara moja tu, nikuone."

Muli hakukaa. Ndila akakaa, akacheza. Hakuharakisha. Akawaua ndege mmoja mmoja, jicho kwa wa mwisho, na kila alama iliyopanda watu waliisoma kwa sauti, pamoja, kama darasa. Akapita elfu ishirini, akaendelea hadi elfu thelathini na nne. Kioo kikamuuliza herufi tatu. Kabla ya kuandika, akageuka.

"Mama Muthama. Siku ile hotelini ulisimama kando yangu. Uliona nini?"

Nzilani alikuwa ameshaliandaa jibu, na alilitoa vizuri, sauti ya mtu wa kamati.

"Niliuona mkono wa Muli kwa swichi. Na jenereta ilikuwa inanguruma."

Soko likalipuka. Muli akatafuta mlango. Nzilani alijiona tayari amesimama uwanjani Ijumaa na mstari mrefu nyuma yake.

Ndila alingoja kelele zipungue. "Nashukuru. Na mwaka ule ulisema unaangalia mayai."

"Mwaka ule niliogopa."

"Uliogopa. Baraza ulilikalia lini?"

Hilo lilikuwa swali la pili, na la pili halikuwa kwenye mapatano yao.

"Jumatatu iliyofuata," Mutie akasema polepole, kama mtu anayekumbuka akiongea. "Mimi nakumbuka. Nilimshonea ndara pale pale, nikamwambia, Mama, leo umepata kiti."

Safari hii hakuna aliyecheka. Nzilani aliwaona wakipiga hesabu ileile, uso baada ya uso, na akajua kosa lake lilikuwa wapi. Ukweli ule ulikuwa bidhaa nzuri. Aliukalia miaka kumi na miwili mpaka ukamwozea mikononi, kisha akautoa sokoni siku ambayo kila mtu alikuwa na pua.

Ndila akageukia kioo, akaandika herufi zake tatu, akazima, akasimama.

Ijumaa, nyuma ya Muli walijipanga mke wake, shemeji zake na mchinjaji. Nyuma ya Nzilani walikuwa kumi na mmoja, na wanne walikuwa wafanyakazi wake. Mstari wa Mutie ulizunguka posho mili, kinu cha kusaga mahindi, na kurudi barabarani. Mutie mwenyewe aliendelea kugeuka kuutazama kama anayedhani umekosea mtu.

Jambo la kwanza lililoletwa mbele yake kama mwenyekiti lilikuwa la baraza. Ndila alisema maneno machache: ahadi ilitolewa mbele ya watu, sharti likatimizwa, mpeni chake. Mutie akamuuliza Muli kama alitoa ahadi. "Nilisema," Muli akajibu. Jioni ile Nzilani aliondoa kreti zake za soda barazani, moja moja, na hakuna aliyemsaidia kubeba.

Alimfuata Ndila stendi. Ilikuwa mara ya pili katika maisha yake.

"Nikodishie baraza," akasema. "Wewe unarudi Mwingi, la kazi gani? Taja bei."

"Sitaji."

"Kila kitu kina bei, Ndila."

"Kilikuwa nayo. Ulikuwa na mwaka mzima, na mwingine, na mwingine, kuja Mwingi kuniuliza."

Baraza hilo Ndila alimpa msichana wa Kalamba aitwaye Muthoki, bure mwaka wa kwanza, kwa sharti moja. Auze mayai ya kuchemsha.

Muli alipaka chokaa juu ya maandishi ya ukutani, lakini mvua ikinyesha herufi zinaonekana chini yake, na watoto huzisoma wakipita. Nzilani kila asubuhi hufungua duka na kumwona Muthoki ng'ambo, mguu mmoja wa abiria chini, yai, chumvi, mguu juu. Mayai yake mwenyewe yamerudi kwenye sufuria, ya kukimbiza madirishani, na magoti si yale ya zamani.

Alichobaki nacho ni TV na mashine, kama walivyopatana, na zinamlipa. Vijana hujaa kutoka saa nne, wa Salama na wa mbali, kila mmoja akitaka kulishusha jina lililoko juu. Hakuna aliyefika hata elfu thelathini. Nzilani amejaribu mwenyewe, mlango ukiwa umefungwa, na aliishia elfu tatu. Kaseti haisahau, na aliichukua kama ilivyo, bila kubadilisha kitu. Kwa hiyo kila asubuhi akibonyeza, muziki wa harusi unalia, ndege wa rangi wanapita, rangi zinafifia, na jina linapanda mpaka juu na kukaa hapo mbele ya wateja wake.

YAI. Elfu thelathini na nne.